Njoo Ijumaa

Je, wewe umewahi kumnyima maji mtu wako, naye anakuomba kwa jina la mama yake mzazi, na jagi liko hapohapo mezani linawatazama nyote wawili? Kama bado, omba yasikufike. Kama yalikufika, basi Bi Sawa utamwelewa bila kuelezwa mengi.

Bi Sawa si jina alilopewa na wazazi wake. Watu ndio waliomvika, likamkaa. Ukimwambia sogea, sawa. Ukimwambia bei yako kubwa, punguza, sawa. Wifi yake akisema leo hatupiki mchana, sawa. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, na kazi yao waliifanya chumba cha mbele cha nyumba: mume akipigilia mbao na kubana sponji, mke akishona mifuko ya mito na kuvika vifungo kitambaa. Chumba cha nyuma, walikokaa wenyewe, kulikuwa na vigoda vitatu na mkeka. Mganga hajigangi. Mara kadhaa Fundi alikusanya mabaki ya mbao akaunda kiti kimoja chenye mikono, akamwambia mkewe, "Hiki chako, mama." Kabla kitambaa hakijafika kwenye kiti, mteja angepita, angekiona, angekipenda. Fundi angemtazama mkewe. Mkewe angesema sawa. Kiti kingetoka mlangoni kichwani mwa mchukuzi.

Mwaka ule mafua yalipita mtaani nyumba kwa nyumba. Wengi yaliwaachia kikohozi na pua nyekundu, Fundi yakamshuka kifuani. Yalimkuta kazini, misumari midogo ameipanga mdomoni kama ilivyo kawaida yake, anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi bila hata kuitazama. Akakohoa, misumari ikatawanyika sakafuni. Bi Sawa alipoinama kuiokota alisikia kifua cha mumewe kinavuma kama mivukuto ya mhunzi. Kesho yake walikuwa hospitali.

Wakapewa kitanda karibu na dirisha, wodi ya wanaume, pazia lake limekatika pete mbili kwa hiyo halifungiki sawasawa. Fundi akawekewa mpira wa hewa puani. Wakaambiwa ni kirusi, kimeshuka kwenye mapafu, dawa yake hasa hakuna. Ni hewa, mapumziko na subira.

"Na maji je?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Anywe, mama, anywe," alijibu daktari wa siku ile, mguu mmoja uko nje tayari, kitanda cha pili kinamwita.

Huyu Dada Mkubwa ndiye dada wa Fundi, aliyemlea tangu akimbeba mgongoni, naye baada ya kufiwa na mumewe akahamia kwao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamuru hata akisalimia. Fundi alipopewa kidonge cha presha na kuambiwa apunguze chumvi, Dada Mkubwa ndiye aliyelichukua kopo la chumvi jikoni akampelekea jirani. "Kupunguza ni kwa watu wasiojiweza," alisema. "Sisi tunaacha." Tangu siku hiyo nyumba nzima ikala chapwa, hata Bi Sawa, ambaye presha yake ni ya msichana. Na kila asubuhi jagi la maji liliwekwa mbele ya Fundi, anywe lote, la pili mchana, la tatu jioni, eti kuosha damu. Sasa daktari mwenyewe kasema anywe! Dada Mkubwa alilishika neno lile kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

Fundi akanywa. Uji alikuwa haupendi tena, mkate anautema, ila maji hayakatazwi. Kila aliyekuja kumwona alijiona mkosefu asipomnywesha. Jirani akaja, akamimina. Mjomba akaja, akamimina. Wenzake mafundi walikuja kundi zima wanachekana, na kila mmoja akachukua zamu ya kikombe, "Kunywa bwana, uutoe ugonjwa kwa chini!" Bi Sawa kazi yake ikawa kwenda bombani na kurudi.

*

Homa ilianza kushuka, wakashukuru. Ndipo alipokuja mteja mmoja, mama mwenye duka la vyombo, kashika mfuko wa machungwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda kwa adabu, akauliza hali, akatoa pole, akatoa pole tena. Kisha akakohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Fundi, sitaki kukusumbua ukiwa hivyo. Lakini lile kochi langu la watu watatu... nina ugeni unakuja. Na malipo ya mwanzo nilikwisha kutoa."

Bi Sawa alitamani sakafu ipasuke. Lakini Fundi alifumbua macho, akatabasamu.

"Njoo Ijumaa."

"Ijumaa hii hii?"

"Ijumaa. Litakuwa tayari. Limebaki kuvikwa tu."

Wodi ikacheka. Kitanda cha jirani alilala dereva wa malori mstaafu, mgonjwa wa pumu mwenye maneno mengi kuliko pumzi. "Huyu kapona!" alisema. "Fundi akikuambia njoo Ijumaa, jua roho imerudi nyumbani kwake. Mimi nina kabati mahali fulani ni la Ijumaa tangu mjukuu wangu hajazaliwa."

Bi Sawa naye alicheka. Kochi lile alilijua, lilikuwa mbao tupu na springi, hata sponji halijaona. Lakini mumewe alikuwa akisema hivyo miaka yote, na mafundi wote wa mji ule husema hivyo hivyo. Mteja akaondoka ameridhika. Dada Mkubwa akammiminia kaka yake kikombe cha pongezi.

Akaja muuguzi na vidonge. "Njoo Ijumaa," Fundi akamwambia. Watu wakacheka zaidi. Dereva akapigwa na kikohozi cha kicheko hadi akapewa dawa yake ya kuvuta.

Kisha Fundi akakunja midomo, akaibana. Akapeleka vidole viwili mdomoni, akachomoa kitu kisichokuwepo, akakiweka kwenye ukingo wa kitanda, akakigonga kwa ngumi. Akachomoa kingine. Alifanya hivyo polepole, kwa uangalifu, misumari isiyoonekana ikajipanga kwenye chuma chote cha kitanda. Alipoinua macho yalimkuta Bi Sawa.

"Karibu, mama," alimwambia. "Wewe unataka nini?"

"Nani, mimi?"

"Usione haya. Kochi, kiti, stuli? Kitambaa rangi gani?" Alimtazama kwa ile heshima anayowawekea wateja, heshima aliyoijua Bi Sawa kwa kuiona ikienda kwa wengine.

"Fundi, ni mimi. Mkeo."

"Hatujuani, mama, ndiyo. Lakini kazi yangu utaipenda. Njoo Ijumaa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Sawa alimgeukia wifi yake. "Wifi, huyu siye. Hebu tumwite daktari."

"Mabaki ya homa hayo. Unataka tuitwe washamba? Mpe maji, kichwa kipoe."

"Sawa," alisema Bi Sawa. Akachukua kikombe kwa mkono wake mwenyewe, akakijaza, akamnywesha mumewe mpaka tone la mwisho. Kikombe hicho alikuja kukikumbuka siku nyingi.

Hazikupita saa nyingi Fundi akasema kichwa kinampasuka. Akatapika. Kisha mwili ukamkaza, macho yakageuka, mikono na miguu ikaanza kujirusha, kitanda kikagonga ukuta. Dereva wa malori ndiye aliyepiga kelele kuita watu, maana Bi Sawa sauti haikutoka.

*

Daktari aliyemshika Fundi baada ya hapo alikuwa mwanamke mfupi, kalamu kaichomeka kwenye nywele, naye alisema polepole kama mtu anayetaka asirudie.

"Amepimwa damu. Kuna chumvi ndani ya damu ya mtu, tunaita sodiamu. Yake imeshuka sana. Kirusi hiki kikiingia mapafuni, wakati mwingine mwili unashika maji, haukojoi kama inavyopasa. Maji yanajaa, chumvi inazimuliwa, na ubongo unavimba. Ndiyo maana amechanganyikiwa, ndiyo maana ameshikwa na kifafa kile. Sasa niambieni. Nyumbani anakula chumvi?"

"Kidogo, kama alivyoshauriwa," akasema Dada Mkubwa.

"Na maji, anakunywa mengi?"

"Ya kawaida tu."

Daktari akamtazama Bi Sawa. Bi Sawa akatazama viatu vya daktari, vilivyokuwa vya mpira na safi.

"Haya," alisema daktari. "Kile kidonge cha presha tumekisimamisha, nacho kinatoa chumvi kwenye mkojo. Tumempa dripu ya chumvi, kidogo kidogo. Na maji basi. Kikombe hiki," akaonyesha kikombe kidogo cha plastiki, "asubuhi, mchana na jioni, atapewa na muuguzi. Zaidi ya hapo, hata akilia, msimpe. Mmenielewa?"

"Sawa," alisema Bi Sawa. Dada Mkubwa alikuwa akilitazama jagi mezani.

Alilia. Yule Fundi ambaye hata nyundo ikimponda kidole husema "ah" na kuendelea, alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. "Maji jamani, kwa jina la mama yangu mzazi. Mama, niombee kwa mwenye duka. Nitalipa." Akamwita mkewe mama mwenye roho ya jiwe. Akaapa kwamba kochi lake hatalishona. Bi Sawa alimlowesha midomo kwa pamba kama muuguzi alivyomwonyesha, huku ulimi wa mumewe ukiikimbilia pamba ile kama ndama. Wageni walimtazama yeye. "Hivi kweli mtu ananyimwa hata maji?" alinong'ona mmoja, mnong'ono wa kusikika.

Mchana wa siku ya pili Bi Sawa alikwenda dirisha la malipo kulipia kipimo kingine. Alilipa kwa zile fedha za mwenye kochi la watu watatu, maana nyingine hazikuwepo, na watoto wao walioko mbali walikuwa wametuma walichokuwa nacho. Aliporudi, kupitia ule mwanya wa pazia lisilofungika, alimwona wifi yake amemwinamia Fundi. Alikuwa na taulo dogo lililolowa chepechepe, ncha yake iko mdomoni mwa kaka yake, naye anaikamua taratibu. Fundi alikuwa ananyonya macho yamefumba, koo linapanda na kushuka. Dada Mkubwa alikuwa analia bila sauti na kumpapasa nywele. "Nyonya, mwanangu. Nyonya, mimi nipo."

Bi Sawa alirudi nyuma hatua mbili. Akakohoa ili asikike, akangoja, kisha ndipo akaingia. Taulo lilikuwa limekwisha kurudi mkobani.

*

Kesho yake daktari alikuja na majibu, uso hauna nafasi ya salamu.

"Imeshuka tena. Maji tumezuia, chumvi tumempa, bado inashuka. Haiingii akilini." Alichomoa kalamu nywelini, akairudisha. "Ama figo zina shida nyingine niliyoikosa, ama kuna maji yanaingia nisiyoyajua. Kama ni figo, nabadili matibabu yote na kumpa dawa nzito, na nikibahatisha naweza kumuumiza. Akishikwa tena kama juzi, anaweza asirudi. Kwa hiyo nauliza mbele ya wote: kuna mtu anampa maji?"

"Nani ampe?" alisema Dada Mkubwa. "Sisi tumekaa hapa tunamtazama anakauka."

Fundi aliendelea kugonga misumari yake kwenye chuma. Bi Sawa alilisikia lile neno lake linampanda kooni, neno lake la siku zote, dogo, laini, lisilomgharimu mtu kitu. Ilikuwa anyamaze tu, na kunyamaza alikuwa bingwa. Alimtazama wifi yake, aliyemfunza kukaa katika nyumba ile, aliyempokelea watoto wake wote wawili kwa mikono yake. Kisha akamtazama mumewe.

"Daktari," alisema, "si figo. Ni taulo."

"Taulo gani?"

"Liko mkobani. Linaloweshwa, ananyonya. Nililiona jana nikanyamaza." Sauti yake ilipoanza haikusimama. "Na nyumbani si ya kawaida. Ni majagi. Asubuhi, mchana, jioni, kabla hata hajaugua. Chumvi hatuna kabisa, kopo lilitoka nyumbani zamani. Na siku ile aliyoshikwa, kikombe cha mwisho nilimpa mimi."

"Mwongo!" Dada Mkubwa alisimama. "Mwongo mkubwa! Baada ya yote—"

Lakini mkoba ulikuwa unavuja. Tone lilianguka sakafuni, likafuatiwa na lingine. Muuguzi akaufungua mbele za watu, akatoa taulo, akatoa na chupa, akaviweka juu ya meza ndogo. Wodi nzima ilitazama. Hata dereva wa malori, ambaye hakuna jambo lililowahi kumpita bila neno, aligeukia ukutani.

"Kuanzia leo, mama, utamsalimia ukiwa na muuguzi," alisema daktari, bila ukali. "Nje ya hapo ungoje kwenye benchi." Kisha akamgeukia Bi Sawa. "Umenisaidia sana."

Dada Mkubwa alikunja mtandio wake. Alipompita wifi yake alimwambia kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele za watu. Sawa. Leo nakujibu mimi: sawa."

*

Benchi lile lilikuwa koridoni, limeegemea ukuta uliochubuka rangi kwa migongo ya watu. Bi Sawa alimkuta wifi yake amekaa wima, mkoba mtupu mapajani. Akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nimekuletea chai, wifi."

"Kanywe na daktari wako."

Bi Sawa aliiweka chai chini. Walikaa. Mfagiaji alipita, wakainua miguu, wakaishusha.

"Mama yetu alikufa akiomba maji," alisema Dada Mkubwa, anautazama ukuta wa pili. "Nilikuwa msichana mdogo. Wakubwa walisema asipewe. Nikasimama mlangoni nimeshika bakuli. Akaniomba mimi, kwa jina, nami nikawaogopa wakubwa. Akafa midomo imepasuka. Huyo mdogo wangu unayemwita mume alikuwa mgongoni kwangu. Nikaapa. Sasa unaniambia tena nisimame na bakuli."

Bi Sawa hakuwa amewahi kuyasikia hayo, na alikuwa amekaa na mwanamke yule miaka mingi kuliko aliyokaa na mama yake mwenyewe. Akasogea ile nafasi ya mtu mmoja, akaikalia.

"Wifi, unakumbuka mvua ile iliyoingia chumba cha mbele, sponji zote zikalowa?"

"Nikumbuke ya nini?"

"Mimi nilitaka kuzikamua. Fundi akanigombeza. Akasema sponji iliyojaa maji ukiikamua kwa nguvu inachanika ndani, huoni, mpaka mtu aje aikalie. Ukiianika jua kali inakauka juu, inaoza katikati. Akaziegemeza kivulini, zikatiririka zenyewe, siku nyingi. Na maji mengine hatukumwagia, wifi. Hata tone." Akavuta pumzi. "Daktari anasema kichwa chake kiko hivyo. Kimelowa. Hata chumvi yenyewe wanampa kwa kudondosha, wakiharakisha wataharibu. Mama alikuwa amekauka, pengine. Huyu amelowa. Si kiu moja."

Dada Mkubwa aliufungua mkoba wake mtupu, akaufunga.

"Ungeniambia hivyo jana," alisema mwishowe, "badala ya kuniambia mbele ya dereva wa malori."

"Ningekuambia, ungenisikia?"

Dada Mkubwa aliokota kikombe cha chai. "Imepoa," alisema, akainywa.

*

Ikawa kungoja. Bi Sawa alikaa kwenye stuli ya hospitali, mgongo umejikunja, akilinda kitanda. Wageni wakija na chupa alizipokea mlangoni, akashukuru, akaziweka chini. "Hapana," alimwambia mjomba. "Hapana," akawaambia mafundi. Neno lilikuwa geni mdomoni, kama jino jipya, akawa analigusagusa kwa ulimi. Mjomba alinuna, akasema wanawake wa siku hizi. Bi Sawa alimwacha anune.

Damu ilichukuliwa, majibu yakaja: imepanda kidogo. Daktari akasema kidogo ndiyo anayoitaka. Ikachukuliwa tena, kidogo tena. Na Fundi akawa bado yuko kazini kwake, anapigilia.

"Mama," alimwambia alasiri moja, wodi ikiwa imetulia. "Wewe umekaa hapa kitambo. Hujaniambia unataka nini."

Hapakuwa na mtu wa kuwasikia. Dereva alikuwa amelala. Bi Sawa alifungua kinywa, akaona aibu kumwagiza kiti mtu asiyemjua, hata kama ni mumewe. Akafunga kinywa.

"Basi fikiria," alisema Fundi kwa upole. "Hakuna haraka."

Siku chache baadaye, asubuhi, Bi Sawa akimfuta uso, Fundi alipeleka mkono chini ya shuka, akabonyeza godoro, akabonyeza tena, akakunja uso.

"Sponji hii imekufa," alisema. "Nani aliwauzia?" Kisha akamtazama. "Mama watoto, mbona umekonda hivyo? Na kazini nani yupo?"

Bi Sawa alikiinamisha kichwa juu ya shuka lile akalia kwa mara ya kwanza tangu waje. Dereva wa malori akaamka.

"Haya, kafa?"

"Kapona," alisema Bi Sawa ndani ya shuka.

"Sasa unalilia nini, dada yangu? Mwulize kabati langu."

*

Walirudi nyumbani Fundi akitembea kwa fimbo, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Ya hospitali hakukumbuka, na walichomsimulia alikicheka kama kisa cha mtu mwingine. Mchana Dada Mkubwa alitenga chakula mkekani. Kisha akatoa ndani ya mtandio wake kopo dogo jipya, akalifungua kwa kucha.

"Daktari kasema kidogo," alitangaza. "Kidogo si hakuna. Mimi nilidhani ni kitu kimoja." Akachukua chembe kwa vidole vitatu, akanyunyiza chungu kizima, akakoroga, akampakulia wifi yake kwanza, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika nyumba ile. "Imetosha?"

"Sa—" Bi Sawa alionja. Alitafuna. "Sahani yangu ongeza kidogo, wifi."

Dada Mkubwa akaongeza.

Hawajanawa, mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa mama wa duka la vyombo. Ugeni wake ulikuwa umekuja na kuondoka, umekalia ndoo. Alisimama kati ya mbao na vumbi, akaliona kochi lake bado ni mifupa mitupu, akapumua kwa pua. Fundi alijikongoja kutoka nyuma, akaanza kuomba radhi. Yule mama hakuwa mbaya. Alisema pole, alisema uzima kwanza. Lakini macho yake yalikuwa yanazunguka chumba, yakatua pembeni, kwenye kiti kimoja chenye mikono, mbao za mabaki, sponji imebanwa, kimebaki kitambaa. Fundi alikuwa amekiacha hapo siku alipotema misumari.

"Na hiki?" aliuliza. "Kwa ule usumbufu wangu, nipe hiki niondoke nacho, tuhesabiane kwenye kochi. Kizuri kweli."

Fundi alimtazama mkewe, kama alivyomtazama siku zote. Dada Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mwiko mkononi. Wote walilingojea lile neno.

"Hakiuzwi," alisema Bi Sawa.

"Hata nikiongeza?"

"Hakiuzwi, mama. Kochi lako tutalishona. Kitambaa nitaanza kukata kesho mimi mwenyewe."

Mteja aliaga, mdomo ameuvuta upande. Fundi alibaki ameishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mama watoto, kile kiti..."

"Ulipokuwa umelazwa uliniita mteja," alisema Bi Sawa. "Ukaniuliza nataka nini. Ukaniuliza mara mbili, na mara mbili sikukujibu. Hukumbuki. Mimi nakumbuka."

Fundi akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akaweka fimbo chini. "Unataka nini?"

"Hicho. Chenye mikono, kwa sababu mgongo unaniuma. Kitambaa kile cha kijani kilichobaki. Kikae pale dirishani nishone nikiwa nimekikalia, na kisitoke mlango huu hata aje nani."

"Sawa," alisema Fundi. "Sawa, mke wangu. Ngoja nguvu zirudi. Ijumaa kitakuwa—"

"Hapana, Fundi. Ijumaa zako nazijua." Alikuwa amekwisha kulivuta kopo la misumari, akalitia mikononi mwake, na kile kitambaa cha kijani akakikung'uta vumbi. "Nakitaka leo."